Rangi ya Dhahabu Juu ya Kutu



Ndugu wazazi, na nyinyi wanafunzi wetu wapenzi, leo nataka kuzungumza juu ya kandili. Najua wapo watakaosema Maalim amekosa la kuandika, umma una matatizo chungu nzima na yeye anatuletea habari za taa ya mafuta. Nawaomba subira kidogo. Kuna mambo mawili yanayofanyiwa taa kongwe za chuma katika misikiti na madrasa zetu za huku Iyolwa na mpakani kwa jumla, na yote mawili nayapinga. La kwanza ni kuziuza kwa kilo kwa wanunuzi wa chuma chakavu. La pili, ambalo wengi hawalioni kuwa ni baya, ni kuzipaka rangi ya dhahabu juu ya kutu, zikatundikwa zinang'aa, na kila anayeingia akasema mashaallah.

Nieleze kwanza ninachokizungumzia, maana vijana waliozaliwa na simu mkononi wengi hawajawahi kushika kandili. Si koroboi, kile kikopo chenye utambi ambacho fundi wa bati hukitengeneza kwa mkebe mtupu. Wala si karabai, ile ya kupiga pampu, ambayo ina mambo yake. Kandili ni taa yenye tangi la mafuta chini, kichwa cha utambi, chemni ya kioo katikati, kofia juu, na mirija miwili ya bati ubavuni. Mirija hiyo watu hudhani ni mishikio tu. La hasha! Hiyo ndiyo pumzi ya taa. Mmarekani John Irwin aliibuni namna hii katika miaka ya 1860 na 1870, na kampuni ya R. E. Dietz ya New York, iliyoanzishwa mwaka 1840, ikaisambaza duniani. Hewa hupita mirijani mpaka kwenye moto bila upepo wa nje kuupiga, ndiyo maana wazee wetu walitembea nayo usiku wa masika isizimike. Baadaye zikaja za Kijerumani za Feuerhand, kampuni aliyoianzisha Hermann Nier mwaka 1902. Ukipata kandili ya zamani ifute vumbi utazame kwenye kofia au kwenye tangi, huenda ukalikuta jina limepigwa kwenye bati lenyewe.

Taa hizi ndizo zilizosomesha watu wa huku. Bwawa la Owen Falls pale Jinja lilifunguliwa mwaka 1954, na nyaya zake za umeme zikapita Tororo kwenda Kenya, lakini waliolala chini ya nyaya hizo walibaki na kandili zao miaka na miaka. Watu walihifadhi Juzuu Amma kwa mwanga huo, macho yakiwasha kwa moshi. Basi alipokuwapo mzee aliyejaaliwa uwezo kidogo, alikuwa akinunua kandili moja na kuiweka wakfu kwa madrasa. Imepokewa katika Sunan Ibn Majah kwamba wa kwanza kuwasha taa misikitini alikuwa sahaba Tamim ad-Dari. Wazee wale walijua wanachokifanya.

Sasa tuje kwa wauzaji. Kamati inakaa, mmoja anasema store imejaa takataka, mwenye mkokoteni na mizani anapita, na kandili nne zinaondoka pamoja na majembe yaliyokatika na baiskeli iliyovunjika. Bei yenyewe haifiki hata ya sukari ya chai ya kikao hicho. Nawauliza ndugu zangu wa kamati: mliuza kwa idhini ya nani? Sote tunajua habari ya Umar ibn al-Khattab (r.a.) na shamba lake la Khaybar, namna Mtume (s.a.w.) alivyomwelekeza kwamba kitu kikishawekwa wakfu hakiuzwi, hakitolewi zawadi wala hakirithiwi. Mtaniambia, Maalim, hiyo ni ardhi, na hii ni taa iliyoliwa na kutu. Vyema, twendeni kwenye vitabu vyetu wenyewe. Imam Nawawi katika Minhaj, kitabu kinachosomwa na Mashafii wote wa Afrika Mashariki, ameruhusu kuuzwa kwa mikeka ya msikiti iliyochakaa na magogo yaliyovunjika. Lakini tazameni sharti aliloliweka: iwe imefikia hali ya kutofaa kwa lolote ila kuchomwa moto. Je, kandili yenye kutu usoni, ambayo tangi lake likizibwa na utambi ukibadilishwa itawaka leo leo baada ya magharibi, imefikia hali hiyo? Mkeka uliooza haurudi kuwa mkeka. Taa yenye kutu inarudi kuwa taa kwa kazi ya siku chache.

Ikiwa taa ilinunuliwa kwa fedha za msikiti bila kuwekwa wakfu, hukumu yake ni nyepesi zaidi na msimamizi ana nafasi ya kuangalia maslahi. Hilo mkamuulize sheikh wenu. Ila hapo pia swali la maslahi lipo palepale. Na biashara yenyewe ya chuma chakavu mnaijua. Mwezi Januari 2022 Kenya iliisimamisha nchi nzima kwa sababu nguzo za umeme zilikuwa zikikatwa na kuuzwa, ikaja kufunguliwa baadaye mwaka huohuo kwa masharti. Mali ya Mwenyezi Mungu isichanganywe kwenye gunia la namna hiyo.

Hili la kwanza ni jepesi kulikemea, kwa kuwa kila mtu anaona hasara. La pili ndilo linaloniudhi zaidi.

Siku hizi imeingia desturi ya kuzipamba. Ramadhani ikikaribia, au maulidi, au harusi ya mtoto wa mwenyekiti, kandili zinatolewa store na kupelekwa kwa kijana anayepaka rangi matangi ya bodaboda. Huku kwetu kazi hiyo haikosi watu, mpaka wa Busia ndio uliozalia ulimwengu jina la bodaboda. Kijana anazipangusa kwa kitambaa, anazipulizia rangi ya dhahabu kuanzia kofia mpaka tangi, na saa moja baadaye zimekauka. Hakusugua kutu. Hakutazama kama tangi linavuja. Amepulizia mpaka kwenye vitundu vya hewa vilivyo chini ya kichwa cha utambi. Kisha taa inatundikwa, inatiwa mafuta na kukabidhiwa mtoto.

Madrasa moja jirani, ambayo sitaitaja, nilikuwa mgeni pale siku taa ya namna hiyo ilipowashwa kwa mara ya kwanza. Ilikuwa nzuri kweli, inang'aa kama bibi harusi. Baada ya dakika chache nikasikia harufu ya rangi inayoungua kwenye kofia, watoto wakaanza kukohoa. Halafu mafuta yakaanza kutoka jasho kwenye ushono wa tangi, mahali kutu ilipokuwa imekula bati na rangi ikapafunika. Moto ukaja kushuka ubavuni. Mwalimu wa pale, Allah amlipe kheri, alikuwa mwepesi, akaitupa nje na kuifunika kwa gunia lililolowa. Uliungua mkeka mmoja tu, alhamdulillah. Kilichonishangaza ni maneno ya mmoja wa watu wazima waliokuwapo. Alisema, "Bahati mbaya, na rangi ilikuwa mpya."

Bahati mbaya! Kutu ile ilikuwa ikionekana kabla ya kupakwa. Kila mwenye macho angeona bati limegeuka kahawia kwenye ushono na angeogopa kutia mafuta. Rangi ndiyo iliyoondoa woga huo. Mnakumbuka kisa kilichopokewa na Imam Muslim, Mtume (s.a.w.) alipopita kwa muuza nafaka sokoni, akatia mkono ndani ya rundo na vidole vikakuta umajimaji, naye akamkaripia yule mtu kwa nini hakuuweka juu watu wakauona. Sioni tofauti kati ya nafaka kavu juu ya nafaka mbichi na rangi ya dhahabu juu ya kutu, isipokuwa kwamba nafaka haimchomi mtoto.

Na katika mlango huu wa moto tunayo mafundisho ya wazi. Mtume (s.a.w.) aliamrisha taa zizimwe wakati wa kulala, akataja sababu: panya anaweza kuuburuta utambi akawaunguza watu wa nyumba. Imam Nawawi alipoieleza hadithi hiyo akazigusa taa za kutundikwa, za misikitini na kwingineko. Alisema zikihofiwa kusababisha moto zinaingia katika amri hiyo, na zikiwa salama hapana ubaya. Kwa hiyo jambo zima linarudi kwenye usalama. Taa iliyofunikwa uvujaji wake haiwezi kuitwa salama kwa sababu inapendeza.

Wapo watakaosema, sisi hatuziwashi, ni pambo tu sebuleni. Kama ni mali yako, pamba. Mimi sikatazi uzuri, na sijasema popote kwamba kupaka rangi ni haramu. Lakini toa kichwa cha utambi kabisa ili asije mgeni akaona tangi akatia mafuta, weka kibalbu cha sola ndani ya chemni, na uulize rangi unayopaka ina nini. Rangi nyingi za zamani za chuma, hasa ile nyekundu ya kuzuia kutu, zilitiwa madini ya risasi. Umoja wa Mataifa unapendekeza risasi kwenye rangi isizidi sehemu 90 katika milioni, na Shirika la Afya Duniani limesema haijulikani kiwango chochote cha risasi mwilini kisicho na madhara. Hudhuru ubongo wa mtoto mdogo, na mtoto mdogo ndiye anayelamba kila kitu. Taa inayobambuka rangi iliyotundikwa juu ya kitanda cha mtoto si pambo.

Basi ifanyweje? Nitasema kwa wale wanaotaka kufanya, hasa nyinyi vijana mnaosema hakuna kazi ya mikono.

Rangi ni kazi ya mwisho, na taa nyingine haziihitaji hata kidogo. Kandili nyingi zilitengenezwa kwa bati lililopakwa zinki, lile la kijivu lenye kumetameta. Kama zinki bado ipo, ioshe kwa maji ya moto na sabuni, iache hivyo hivyo. Rangi ya mafuta ikipakwa moja kwa moja juu ya zinki, mafuta yake na zinki hutengeneza kitu kama sabuni kati yao, na baada ya miezi rangi yote inabanduka kama ngozi ya nyoka. Vilevile usiiloweke kwenye siki au ndimu, asidi huila zinki ukabaki na bati uchi. Wangapi wamefanya hivyo kwa kufuata video za kwenye simu!

Anza na tangi. Maji hayatoshi kupima, kwa kuwa mafuta ya taa hupenya tundu ambalo maji hayapiti. Tia mafuta kidogo, usiwashe, iweke taa juu ya karatasi kavu usiku kucha nje ya nyumba, watoto wasipofika. Asubuhi karatasi itakueleza. Ikivuja, mpelekee fundi wa bati, yule anayeshona koroboi na makarai, azibe kwa kulehemu ya risasi na bati kwa chuma cha moto. Asitumie mashine ya kuchomea mageti, bati la kandili ni jembamba na litatoboka zaidi. Na kabla hajagusa, tangi lioshwe kwa maji ya moto na sabuni mara kadhaa na kuachwa wazi mpaka harufu iishe. Mvuke wa mafuta uliobaki ndani ya tangi ukikutana na moto hulipuka, na hapa nasema na mafundi pia.

Kisha mirija. Nyigu wa udongo wanapenda sana kujenga humo. Pitisha waya, gonga taratibu, puliza. Taa inayotoa moshi mweusi hata ukipunguza utambi mara nyingi haina ugonjwa mwingine ila huo.

Kutu sasa. Sehemu ambazo zinki imeshakwisha ziloweke kwenye molasi, sehemu moja ya molasi kwa tisa za maji, kwa siku kadhaa mpaka kutu ilainike. Inanuka, lakini ni rahisi na haikwaruzi chuma. (Muuzaji akikuuliza ya kazi gani, mjibu haraka, maana wengine huinunua kwa kupika kitu tusichokitaja hapa.) Ioshe, ikaushe juani, sugua kwa msasa. Kama kuna rangi ya zamani usiisugue kavu ikatoa vumbi. Lowesha msasa, funga pua na mdomo, ufanye nje, na maji yale usiyamwage kwenye bustani ya mboga. Chuma kikishakuwa kitupu usikiache kilale, kutu mpya huanza haraka. Paka rangi ya kuzuia kutu isiyo na risasi, ikauke, halafu rangi ya juu mara mbili, nyembamba, siku moja kati yake. Tangi kwa nje, mirija, na mkono. Kofia iache bila rangi, au tumia ile rangi ya kustahimili joto wanayopaka ekzosi za magari. Kichwa cha utambi na vitundu vyake usivipake kitu chochote. Rangi gani? Mimi napenda nyeusi au kijani kibichi, lakini hilo ni langu.

Sasa nisikie mnavyosema: Maalim anataka turudi kwenye mafuta ya taa. Hapana. Mtoto asomee taa ya sola. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2014 kwamba mafuta ya taa yasitumike majumbani, kwa ajili ya moshi wake na ajali zake, na mwenye mapafu anajua hivyo bila kuambiwa. Ninachokataa ni hoja ya kwamba kwa sababu tuna sola basi kandili haina thamani. Taa za plastiki zenye sola, nyingine nzuri na nyingine hovyo, betri ikifa hakuna fundi wa kijijini anayeifungua. Pembeni mwa madrasa yetu zipo za kutosha kujaza karai. Mwaka 2009 mwezi Desemba umeme wa Unguja ulikatika mpaka Machi 2010, miezi mitatu, na watu wakatafuta taa zao za zamani. Agosti 2023 sehemu kubwa ya Kenya ilikaa gizani. Mvua ya wiki nzima, betri imekwisha, maiti yuko nyumbani anasubiri kuoshwa: usiku kama huo taa moja nzima ya wakfu, iliyotundikwa nje barazani, ina kazi yake.

Na kwa kuwa tuko mpakani, sina budi kusema juu ya mafuta yenyewe. Mafuta ya taa yaliyo safi hayatoi mvuke wa kushika moto mpaka yapate joto la nyuzi 38 za Selsiasi au zaidi. Petroli hutoa mvuke huo hata kwenye baridi kali. Sasa mnajua petroli inavyovuka hapa kwa madumu, usiku na mchana, na dumu lilelile kesho linatiwa mafuta ya taa bila kuoshwa. Kiasi kidogo cha petroli kilichobaki kinatosha kuifanya kandili kuwa bomu mkononi mwa mtoto. Wauzaji wanaofanya hivyo ni wenzetu, wengine tunasali nao safu moja. Nimeshawaambia ana kwa ana na nawaambia tena hapa: anayejua dumu lake lilibeba petroli akamuuzia mama mafuta ya taa kutoka humo, asijifiche nyuma ya neno ajali. Na wazazi, nunueni kwenye kituo, kwenye chombo chenu wenyewe, na msiongeze mafuta taa ikiwa inawaka.

Kamati zilizobakiwa na kandili zisiziuze wala kuzipulizia kitu kabla ya kuzipima. Kwetu Iyolwa tutazitengeneza Jumamosi mbili mfululizo baada ya adhuhuri, chini ya mwembe wa madrasa, na fundi wa bati atakuwapo. Leteni taa zikiwa tupu, zimeoshwa, na chemni zimefungwa kwenye kitambaa. Wanafunzi wakubwa waje na msasa na nguo za zamani. Watoto wadogo wabaki nyumbani siku ya kusugua, waje siku ya kuwasha.

Wabillahi tawfiq.